Muulize Mkutubi: Hadithi za Kwetu Zinakaa Rafu Gani?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja, maktaba na hadithi za watu wetu. Anayejibu ni mkutubi mstaafu wa Iringa, aliyehudumia wasomaji kwa zaidi ya miaka 30.

Shikamoo Bibi. Najitolea kwenye maktaba ndogo ya jamii hapa Uyole, Mbeya. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Marekani. Mwezi wa pili alinitumia picha za maktaba ya mtaani kwao: watoto wameketi chini, mama mmoja anawasomea kitabu chenye familia ya watu weusi kwenye jalada, na pembeni bibi na wajukuu zake wamesimama na picha za ukoo wao. Anasema hufanya hivyo kila mwaka, kusherehekea hadithi, familia na urithi wa watu weusi. Nilipowaonyesha wenzangu, mmoja akasema, "Hapa sote ni weusi, tusherehekee nini?" Nilikosa jibu. Jambo hili lilianzaje, na sisi linatuhusu? (Mjitoleaji, Uyole)

Marahaba, mwanangu. Swali la mwenzako si la kupuuzwa, basi nivumilie nianzie mbali.

Mambo hayo yana mizizi kwa kijana aliyekuwa akiwasomea wenzake gazeti. Carter G. Woodson alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Virginia, na wazazi wake wote wawili walikuwa wamepitia utumwa. Ujanani alikwenda West Virginia kuchimba makaa ya mawe. Jioni wachimbaji weusi walikuwa wakikutana nyumbani kwa mwenzao mmoja, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mzee yule hakujua kusoma, Woodson alijua. Basi ikawa kazi yake kuwasomea magazeti, nao wakawa wanamsimulia waliyoyaona. Nikifika hapo huwa nasimama kidogo, maana nami nilikuwa msomaji wa gazeti wa marehemu baba yangu na wazee wenzake, Jumapili baada ya ibada, na nusu ya ninayoyajua kuhusu Uhehe niliyapata pale barazani, gazeti likiwa limeshakunjwa.

Woodson alisoma hadi akapata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1912. Mwaka 1915 akaanzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi, na Februari 1926 akatangaza juma moja la historia hiyo. Alichagua Februari kwa sababu watu weusi walikuwa tayari wanaadhimisha siku za kuzaliwa za Abraham Lincoln, rais aliyetangaza uhuru wa watumwa, na Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mtetezi wa weusi, zote za mwezi huo. Mwaka 1976 juma likawa mwezi mzima. Ndiyo maana picha za dada yako zimekuja mwezi wa pili.

Maktaba ziliingiaje? Twende Harlem, kitongoji cha watu weusi mjini New York, kwenye tawi la maktaba la mtaa wa 135. Mwaka 1925 walifungua sehemu maalumu ya vitabu na picha za watu weusi. Mwaka uliofuata ukanunuliwa mkusanyo wa Arturo Schomburg kwa dola 10,000. Huyu alizaliwa Puerto Rico, akafanya kazi ya barua katika benki, na kwa mshahara huo akakusanya maelfu ya vitabu, hati na picha zinazoonyesha kwamba watu weusi wana historia. Kisha mwaka 1937 akaajiriwa pale Augusta Baker, mkutubi wa watoto. Alikuta kwenye rafu vitabu ambavyo mtoto mweusi amechorwa kama kichekesho, mjinga, na mwenye maneno ya kuvunjika. Akaanza kuchambua kimoja kimoja, akajenga rafu ambayo mtoto wa Harlem angeweza kujiona bila kuona haya, na akawa anawasimulia hadithi kwa mdomo. Mwaka 1961 ndiye aliyekuwa akisimamia huduma za watoto katika matawi yote ya maktaba ile ya New York. Miongoni mwa wote niliowataja, huyu ndiye ninayempenda zaidi, na wa kazi yangu watanielewa.

Mwaka huohuo wa 1961, tarehe 27 Machi, wanafunzi 9 weusi wa chuo cha Tougaloo waliingia maktaba ya umma ya mji wa Jackson, Mississippi, iliyotengewa wazungu. Kabla ya hapo walikwenda kwanza kwenye maktaba ya weusi kuulizia vitabu walivyovihitaji, na havikuwepo. Wakaketi, wakafungua vitabu, wakasoma kimya. Polisi wakawakamata. Mwambie mwenzako hilo. Bibi aliyesimama na wajukuu zake katika picha ya dada yako amesimama katika jengo la aina ambayo watu wake walifungwa kwa kuingia ndani na kusoma.

Sasa, "sote ni weusi". Ni kweli. Lakini baba yangu alisoma enzi za Mwingereza, na hadi uzeeni aliweza kutaja wafalme wa Uingereza mmoja baada ya mwingine bila kukosea, ilhali shuleni hakuwahi kusomeshwa mstari mmoja kuhusu Lugalo, mahali Wahehe walipolishinda jeshi la Wajerumani, mwendo wa mguu kutoka alikozaliwa. Na leo nenda kwenye rafu ya watoto katika maktaba zetu nyingi ndogo. Vitabu vya msaada kutoka ng'ambo vimejaa, tunavishukuru, lakini mtoto wa Makete ambaye asubuhi anakanyaga sakitu, umande ulioganda kwa baridi, kwenda shule hajawahi kulikuta neno sakitu kitabuni. Theluji anaijua, tena ameichora.

Tena wenzetu wa kule walikuja kuchota kwetu. Sikukuu ya Kwanzaa iliyoanzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966 imepata jina lake kutoka maneno ya Kiswahili, matunda ya kwanza. Huanza tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari. Hutandikwa mkeka, huwekwa kinara cha mishumaa 7, na juu ya mkeka huwekwa muhindi mmoja kwa kila mtoto wa nyumba ile. Kila siku ina neno lake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Maktaba za kule nazo huiadhimisha. Mtoto wa Chicago anahangaika na ulimi wake hadi aweze kutamka kujichagulia, akijua ni neno la mababu, na ninyi hapo Uyole mnaishi katikati ya mahindi na maneno hayo mnayo bure.

Kwa hiyo linawahusu, ila msianze na Marekani. Anzeni na reli. Wazee walioijenga TAZARA, kuanzia 1970 hadi 1975, bado wapo Mbeya, wengine mnasali nao. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na kuna mtu mtaani kwenu aliyechimba udongo wake kwa koleo. Mleteni aje na alichobakiza, iwe kofia, picha au kitambulisho. Waiteni na wajukuu zake wakae mbele. Msafwa, Mnyakyusa, Mndali, Mkinga mwenye duka, kila familia ilete kitu kimoja na iseme kilitoka wapi. Rafu mojawapo iachwe tupu siku hiyo, na iandikwe kwa herufi kubwa: HADITHI ZA UYOLE. Watu wataona pengo lenyewe.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Iringa Mjini. Klabu yetu ya wasomaji inaandaa wiki ya urithi maktabani na tutaigiza habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mwalimu anataka tumalizie Lugalo, kwenye ushindi. Wenzangu wanataka tuendelee hadi fuvu lake lililochukuliwa, na mmoja anataka kutengeneza fuvu la karatasi na gundi. Tuishie wapi? (Mwigizaji, Iringa)

Marahaba, mjukuu wangu. Namwelewa mwalimu wako. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Mjerumani Zelewski na yeye mwenyewe akauawa, na mtoto wa Kihehe ana haki ya kusimama jukwaani akashangilia. Lakini mkiishia hapo mtakuwa mmewaficha watazamaji nusu ya urithi wao. Wajerumani walirudi, wakaiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa hakujisalimisha. Aliendelea kupigana porini karibu miaka 4, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojiua asikamatwe.

Hiyo miaka 4 ndiyo inayonivuta. Mtu anayewindwa, kichwa chake kimetangaziwa fedha, amekula nini kwa miaka 4? Kuna mwanamke aliyepika ugali gizani na kuna mtoto aliyeupeleka akijua njia. Majina yao hayamo katika vitabu, lakini katika familia za Kalenga, Ifunda na Pawaga kuna bibi aliyesikia kwa bibi yake. Kabla ya kuandika igizo, kila mmoja wenu arudi nyumbani na swali hilo moja: sisi tulikuwa wapi miaka ile? Mtakayoyapata ndiyo yawe sehemu ya pili ya igizo.

Kuhusu fuvu, ni kweli lilipelekwa Ujerumani, na likadaiwa kwa jina katika mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246. Gavana wa Tanganyika, Twining, alikwenda Bremen, Ujerumani, mwaka 1953, akalichagua miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na ndugu wa Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Mtwa (yaani chifu) Adam Sapi, ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge letu. Wapo watafiti wanaotilia shaka kama fuvu lile ni lake hasa. Lisemeni nalo, kwa heshima. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kubeba shaka na heshima kwa pamoja.

La karatasi msitengeneze. Vitukuu wa Mkwawa wapo, huenda mmoja yuko darasani kwenu. Nendeni Kalenga, si mbali, mwone makumbusho na mwombe ruhusa ya wazee. Mnaweza kulionyesha kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mikononi mwa anayeigiza Adam Sapi, bila kukifunua.

Na kama mna nafasi wiki hiyo, wekeni meza moja ya Songea. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wa Majimaji zaidi ya 60 walinyongwa pale, na hukumbukwa kila mwaka. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, naye alinyongwa, na ukoo wake bado unakitafuta kichwa chake. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu hao. Hao ni watu wanaopanda mabasi yaleyale mnayopanda ninyi.

Ugonile Bibi. Kamati yetu ya maktaba Tukuyu imepata shilingi 500,000 za siku ya utamaduni. Wengi wanataka fulana, ngoma na pilau. Wewe ungetumiaje? (Katibu wa kamati, Tukuyu)

Ndaga kwa barua. Ngoma iwepo, na wachezaji wapewe chochote, msiwachezeshe bure. Fulana ziacheni. Fedha hiyo ilipe kwanza nauli ya wazee, wa kwenda na wa kurudi, pamoja na mtu wa kuwashika mkono kushuka kwenye gari. Kisha kaunta buku 10, kalamu, kadi ya kumbukumbu ya simu, na ada ya studio kurudufu picha za zamani ambazo watu wataleta, ili kila mwenye picha aondoke na yake siku ileile. Picha ya mtu ikilala maktabani usiku mmoja, mwaka unaofuata haleti tena. Kinachobaki kinunue ndizi, maana Tukuyu hamkosi ndizi. Soda sitasema kitu hapa, nitaisema kwenye barua inayofuata.

Shikamoo mama. Mimi ni baba wa watoto 4, Makambako. Mama yangu ana miaka zaidi ya 80. Anajua hadithi za Kibena na habari za ukoo wetu hadi babu wa tano. Watoto wangu wanajua Kiswahili tu. Maktaba ya shule yao imetangaza siku ya hadithi za familia, nikamwomba mama aende. Amekataa. Anasema, "Mimi sijui kusoma, maktaba nitakwenda kufanya nini?" Nimbembelezeje? (Baba, Makambako)

Marahaba, baba. Mpelekee mama kamwene yangu.

Usimbembeleze. Mwombe mwalimu awalete watoto 10 nyumbani kwake, jioni, waketi jikoni. Hadithi zile zilikuwa za jikoni, kwenye moto, nje baridi inapuliza. Huenda kinachomtisha ni kile kiti kimoja mbele ya ukuta mweupe na watu wanaomtazama. Akishaona watoto wale wameitikia, atakuja maktabani mwenyewe mwakani, na asipokuja pia si kitu, mradi mwalimu amekuja na daftari.

Nakueleza sababu ya kulisisitiza daftari. Miaka ya 1990 maktaba niliyokuwa nikifanya kazi iliandaa siku ya hadithi, tukamwalika mzee mmoja kutoka Kalenga. Alikuja na fimbo na koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Tulimpa kiti akakikataa, akaketi mkekani na watoto. Hakuanza na hadithi. Alianza kuwauliza majina, mmoja mmoja: wewe nani, baba nani, babu nani. Akitajiwa jina anafumba macho kidogo, halafu anamwambia mtoto, watu wenu walitoka upande ule, babu yako alikuwa anafua majembe, bibi yako aliolewa kwa ng'ombe wengi akawakataa.

Kulikuwa na mvulana wa darasa la tatu ambaye kila akija maktabani alijificha nyuma ya rafu za sayansi. Alikuwa hajui kusoma na hakutaka ijulikane. Siku ile alitoka mwenyewe, akasimama mbele ya mzee, akataja jina la babu yake. Mzee akamshika kiganja, akazungumza naye kwa Kihehe, polepole, kwa muda mrefu kuliko wote. Mtoto anatikisa kichwa tu. Mimi nilikuwa mlangoni nahesabu soda.

Hakuna aliyeandika. Redio kaseti ilikuwepo ofisini na kanda tupu zilikuwa kwenye droo. Mvua za mwaka uliofuata mzee akafariki. Siku niliyopata habari nilifungua jalada la shughuli ile nikitafuta chochote cha kwake. Nilikuta barua ya kuomba fedha, orodha ya watoto 43, na stakabadhi ya kreti 3 za soda.

Kwa hiyo, baba, tafadhali. Nunua kaunta buku kubwa. Ukurasa wa kushoto uandike Kibena kama mama anavyotamka, hata kama hujui kukiandika vizuri. Wa kulia Kiswahili. Simu irekodi, lakini umweleze kwamba inarekodi, na akisema hapa zima, uzime. Usimwambie "tusimulie historia", atakaa kimya. Muulize alikuwa anachota maji wapi akiwa msichana, nani alimchagulia mume wake, njaa ya kwanza anayoikumbuka walikula nini, jina lake nani alimpa. Vitendawili vitakuja vyenyewe. Kila hadithi iandikwe aliyeisimulia, kijiji na tarehe. Mwisho wa siku umsomee ulichoandika. Atakurekebisha, na marekebisho yake mara nyingi ni matamu kuliko hadithi. Nakala moja ibaki kwa ukoo, nyingine ipelekwe maktaba ya shule ipewe namba na kukaa rafuni kama kitabu kingine chochote, jina la mama kwenye jalada. Siku watoto watakapokileta nyumbani kimepigwa muhuri wa maktaba, umwonyeshe.

Na wewe uliyekuwa mvulana yule wa nyuma ya rafu, sasa ni mtu mzima, huenda una watoto wa kuwasomea. Kama barua hii imekufikia, niandikie kupitia gazeti hili, au uje. Mzee alikwambia nini? Kaunta buku yangu ukurasa wa kwanza nimeuacha wazi. Nimeandika jina la babu yako tu, maana ndilo neno pekee lililonifikia pale mlangoni.